Vyuma vya mtumba visipokutii: dalili, chanzo na tiba kwa mchezaji wa handikapu kubwa

"Tatizo si fimbo, ni mkono wako." Mchezaji wa gofu wa handikapu ya 24 au 30, yaani anayepewa mapigo mengi ya nyongeza kwa kuwa bado hajakomaa, huyasikia maneno haya kila anapolalamika, na mara nyingi ni ya kweli. Lakini si mara zote. Hapa Mombasa kuna watu wanaocheza mwaka mzima na shafti, yaani mpini wa fimbo, iliyotengenezewa mtu mwenye kasi na nguvu mara mbili ya zao. Kila wiki wanabadilisha namna ya kupiga, wanalipia masomo, wanakata tamaa, kumbe vyuma vyenyewe havikuwafaa tangu siku walipovinunua. Huniuma kumwona mtu akiacha gofu kwa sababu hiyo, maana ni jambo linaloweza kugunduliwa kwa nusu saa.

Mfumo wa handikapu unaotumika duniani tangu 2020 unaruhusu handikapu hadi 54, kwa hiyo ninaposema handikapu kubwa nina maana ya kuanzia 20 hivi kwenda juu. Vyuma ni zile fimbo zenye namba, kuanzia 3 au 4 hadi 9, pamoja na weji, zile fupi za mapigo ya karibu. Maelezo ya kulia na kushoto ni ya anayepiga kwa mkono wa kulia. Anayepiga kwa kushoto ageuze.

Jaribio la kwanza, kabla ya kulaumu chochote

Azima chuma 7 cha mtu mwingine, chenye kichwa kipana na shafti nyepesi. Nenda uwanja wa mazoezi na mipira ya aina moja. Piga mitatu kwa chuma chako, mitatu kwa cha kuazima, urudie hivyo mpaka umepiga ya kutosha kuona mwenendo. Usipige yote ya fimbo moja kwanza, kwa sababu mwili unapopata joto fimbo ya pili itaonekana bora bila kustahili.

Kosa likijitokeza kwa fimbo zote mbili, vyuma vyako havina hatia na fedha zako ni za mwalimu. Likipungua wazi kwa fimbo ya kuazima, endelea kusoma. Jaribio hili linafaa hata kabla ya kununua: muuzaji anayekiamini chuma chake hatakataa ukipige mara chache.

Mpira unatoka chini, unaelekea kulia, na mikono inachoka mapema

Hii ndiyo dalili ninayoiona zaidi kwa watu walionunua mtumba, na chanzo chake kikubwa ni shafti nzito na ngumu. Sababu yenyewe ni nyepesi kuielewa. Vyuma vizuri vinavyouzwa hapa mara nyingi vilikuwa vya mchezaji hodari aliyehamia seti mpya. Aliweka shafti zinazomfaa yeye. Mnunuzi anaona jina kubwa kichwani, anaona chuma kinang'aa, hasomi kile kibandiko cha shafti kilicho chini kidogo ya gripu, sehemu ya kushikia.

Kisome. Ukikuta Dynamic Gold S300, jua umeshika shafti ya takriban gramu 130. Ni shafti nzuri sana kwa mtu mwenye kasi. NS Pro 950GH, kwa kulinganisha, ina gramu chache chini ya 100, na shafti nyingi za vyuma za grafaiti, yaani nyuzi za kaboni, huwa kati ya gramu 50 na 80. Tofauti ya gramu 30 au 40 haisikiki dukani unapopepesa fimbo mara mbili. Inasikika kwenye shimo la 13 saa sita mchana, jasho likitiririka, pale mikono inapochelewa kuuzungusha uso wa fimbo na mpira unatoka kulia kwa kuwa uso umebaki wazi.

Herufi nazo zina maana yake: L ni laini kabisa, kwa kawaida za wanawake, A au M hufuata, R ni ya kawaida, S ni ngumu, X ni ngumu kupita zote. Tahadhari moja: hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote, kwa hiyo R ya mmoja inaweza kukaribia S ya mwingine. Ndiyo maana mimi huuamini uzito kuliko herufi. Kibandiko kikiwa kimebanduka, weka chuma 7 kizima kwenye mizani ya jikoni. Chenye shafti nzito huweza kupita gramu 430. Chenye grafaiti nyepesi huwa chini ya 400.

Tiba? Kubadilisha shafti za seti nzima kwa kawaida hugharimu zaidi ya thamani ya seti yenyewe ya mtumba. Ushauri wangu ni kuviuza kwa mtu ambaye vinamfaa na kutafuta vingine. Ukiamua kubadilisha kwa sababu unavipenda vichwa, mwambie fundi apime kwanza tundu la shingo, pale shafti inapoingia kichwani, kwani kuna shafti za unene wa inchi 0.355 na za 0.370 na haziingiliani hivi hivi.

Dalili ya kinyume nayo ipo: mpira unapaa juu mno, unakwenda kushoto, na upepo ukivuma unarudishwa kama umegonga ukuta. Hapo shafti huenda ni laini au nyepesi kupita kasi yako. Lakini usikimbilie kulaumu. Uwanja wa Mombasa Golf Club, wa mashimo 9, uliopo tangu 1911 juu ya ukingo wa bahari upande wa Mama Ngina, hupigwa na upepo wa kusi miezi mingi, na watu huujibu upepo kwa kupiga kwa nguvu zaidi. Nguvu huongeza mzunguko wa mpira, na mzunguko huupandisha. Chukua chuma kirefu zaidi kwa namba moja au mbili, yaani 6 au 5 badala ya 7, piga taratibu. Mpira ukitulia, shafti yako ni nzima.

Chuma kinachimba kabla ya kufika kwenye mpira, au kinadunda na kuupiga mpira kichwani

Geuza chuma uangalie soli, yaani sehemu inayokaa chini. Kama ni nyembamba na kingo yake ya mbele ni kali, na nyuma ya kichwa ni bapa bila uwazi, umenunua fimbo ya mtu anayeupiga mpira mahali palepale kila mara. Mpigaji wa handikapu kubwa hupiga nyuma ya mpira mara kwa mara. Soli nyembamba huingia ardhini ikabaki humo.

Unachohitaji ni kichwa chenye uwazi nyuma, uzito ukiwa umesukumwa pembezoni. Karsten Solheim, mhandisi aliyeanzisha Ping mwaka 1959, ndiye aliyeifanya fikra hiyo ienee: uzito ukiwa pembezoni, kichwa hakizunguki sana mpira unapogongwa nje ya katikati, na mpira unapoteza umbali kidogo tu. Vyuma vyake vya Eye 2 vya mwaka 1982 bado vinapatikana na bado vinapigika. Ukitafuta vya karibuni zaidi, mfululizo wa Ping G, Callaway X na Big Bertha, TaylorMade Burner na Titleist AP1 vyote vilitengenezwa kumsaidia mtu asiyepiga katikati kila mara. Vyuma vingi vya Mizuno vyenye herufi MP na vile vya Titleist vyenye MB ni vizuri mno kuvitazama, na kwa handikapu ya 28 nitakwambia waziwazi: waachie wenyewe.

Angalia pia shingo. Kwenye vyuma vya kumsaidia mchezaji, uso wa fimbo umerudi nyuma kidogo ya mstari wa shingo. Umbo hilo huupa uso nafasi ya kufunga kabla ya kugonga, na kwa anayesumbuliwa na mpira wa kulia ni msaada mkubwa.

Jambo moja la pwani yetu linalowachanganya watu: dalili hii hubadilika na msimu. Kati ya Januari na Machi ardhi huwa kavu na ngumu, udongo mwembamba juu ya mawe ya matumbawe, na soli pana iliyobinuka hudunda. Kingo ya mbele inaupiga mpira tumboni nao unaruka chini kwa chini hadi ng'ambo ya grini, ile nyasi fupi yenye shimo. Masika yakishuka, chuma hichohicho kinakuwa mwokozi, na kile chembamba ulichokisifu Februari kinaanza kuchimba. Kwa hiyo usiihukumu seti kwa mwezi mmoja. Kwenye weji ya mchanga suala hili ni zito zaidi: ikiwa imeandikwa 56 na 14, ile 14 ni digrii za kubinuka kwa soli, nzuri kwenye banka ya mchanga laini na kwenye tope, ngumu kwenye ardhi kavu. Inayokaribia 8 au 10 itakuhudumia vizuri zaidi kwenye nyasi zilizokauka.

Umeupiga katikati kabisa, sauti safi, lakini umeanza kushoto

Mpira unaopigwa vibaya unaweza kwenda popote, na hautufundishi kitu. Unaotufundisha ni ule uliopigwa vizuri ukaanza upande usioukusudia, tena kila mara upande uleule, na zaidi kwa vyuma vifupi kuliko virefu. Hapo shuku mlalo wa fimbo, yaani pembe kati ya shafti na ardhi wakati wa kugonga. Ncha ya kichwa, ile iliyo mbali na shafti, ikiinuka, uso hutazama kushoto. Kisigino, upande wa shafti, kikiinuka, uso hutazama kulia. Kadiri uso unavyolala zaidi kutazama juu, kosa hilo huonekana zaidi, ndiyo maana chuma 9 hulionyesha kabla ya chuma 5.

Kipimo chake ni kalamu ya wino mzito na mpira. Chora mstari mmoja mnene kwenye mpira, uweke ardhini mstari ukiwa wima na ukiutazama uso wa fimbo, kisha piga kawaida. Mstari utajichapa usoni. Ukiwa umesimama wima, mlalo unakufaa. Juu ya mstari kukielemea ncha, fimbo imesimama mno kwako na inapeleka mpira kushoto. Kukielemea kisigino, imelala mno na inapeleka kulia. Futa, rudia mara kadhaa, uchukue yale mapigo mazuri tu.

Vyanzo ni vichache. Mwenye fimbo wa zamani alikuwa mrefu au mfupi kuliko wewe. Au alirefusha shafti, na kila unaporefusha fimbo inafanya kazi kana kwamba imesimama zaidi. Au aliagiza vikunjwe shingoni. Ping hurahisisha mambo: kuna nukta ya rangi kichwani, nyeusi ikiwa ya kawaida, nyekundu imelazwa, buluu imesimamishwa. Kabla ya kununua, simama wima kwa viatu vya kawaida na umwombe mtu apime kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni. Ukiwa karibu na inchi 34 au 35, fimbo za kawaida zitakukaribia. Ukiwa mbali na hapo, tafuta zilizobadilishwa au uingize gharama ya kuzibadilisha kwenye bei.

Chuma kilichofuliwa kwa nyundo hukunjika kwa digrii mbili bila shida mikononi mwa anayejua. Kilichomiminwa kwenye kalibu ni kigumu zaidi na kinaweza kupasuka shingoni. Kazi hii ina mashine yake inayobana kichwa na kuonyesha digrii. Uliza kwa mwalimu wa klabu ni nani anayo. Tafadhali usikipeleke kwa fundi wa kuchomelea wa mtaa wa Majengo, hata awe hodari vipi wa mageti. Atakipasha moto na kukigonga, na ukirudi nyumbani utakuwa na vyuma saba vyenye pembe saba tofauti. Kama tatizo lako ni kushoto na si kubwa, jaribu kwanza kushika fimbo nusu inchi chini zaidi. Wengi hawahitaji zaidi ya hapo.

Vyuma viwili vinafika mahali pamoja, au kuna umbali usio na fimbo

Seti iliyounganishwa kutoka seti mbili ni jambo la kawaida sokoni. Muuzaji ana 5, 6 na 7 za aina moja, 8 na 9 za nyingine, anazipanga kwenye mfuko na picha inapendeza. Tatizo ni kwamba namba haina maana moja. Chuma 7 cha miaka ya zamani uso wake ulilala digrii 34 hadi 36. Cha sasa cha kumsaidia mchezaji huwa 28 hadi 30, sawa na kile kilichokuwa kikiitwa 5 au 6. Ukichanganya 7 ya zamani na 8 ya sasa, zote mbili zitaangukia palepale, nawe utadhani mkono wako umepotea.

Visimamishe vyote ukutani kwa mfuatano, vichwa sakafuni. Urefu unapaswa kushuka kwa takriban nusu inchi kutoka namba hadi namba. Ukiona ngazi inaruka au inarudi juu, seti imechanganywa au shafti moja ilivunjika ikabadilishwa.

Pengo la chini ndilo linalowaumiza zaidi wa handikapu kubwa, kwa sababu mipira yao mingi huishia mita 70 au 90 kutoka kwenye grini. Kwenye seti za sasa weji ya kwanza, yenye herufi P, huwa na digrii 43 au 44. Weji ya mchanga ina 56. Kati yake kuna digrii 12 au 13 tupu, wakati vyuma vingine vimepishana kwa nne hivi. Nunua weji ya digrii 50 na tatizo limekwisha. Kanuni zinaruhusu fimbo 14, na nafasi utaipata kwa kuacha chuma 3 na 4 nyumbani.

Vyuma hivyo virefu tuviseme kwa neno moja tu. Kama chuma 4 na chuma 5 vinafika sawa, na seti ni moja, chanzo ni kasi: mpira haupandi vya kutosha kuonyesha tofauti. Hakuna tiba kwenye chuma chenyewe. Haibridi, fimbo yenye kichwa kinene kuliko chuma, itafanya kazi hiyo kwa urahisi zaidi, na muuzaji anayekuongezea bei kwa kuwa "seti imekamilika kuanzia tatu" anakuuzia kitu usichokihitaji.

Kuna kitu kinalia ndani, au kichwa kinacheza

Hapa nasimama zaidi, kwa sababu kwa wenzetu wa bara hii ni kero ndogo na kwetu ni hatari.

Shafti ya chuma hupakwa kromu nje tu. Ndani ni chuma kitupu. Juu ya gripu kuna tundu dogo, na kupitia hapo huingia jasho, mvua na hewa yenye chumvi. Kutu huanza ndani bila kuonekana na hula zaidi karibu na shingo, mahali ambapo shafti inabeba mshtuko wote wa pigo. Ndiyo maana shafti inayong'aa inaweza kukatika, na kichwa chenye robo kilo kikaruka kuelekea kwa kedi, yaani mbeba mfuko, au mchezaji mwenzako.

Tikisa fimbo karibu na sikio. Sauti ya punje moja ngumu inayogonga ni kipande cha gundi kilichokatika ndani. Kinaudhi lakini hakidhuru. Sauti ya vitu vingi vidogo, kama mchanga unaoteremka kwenye bomba, ni magamba ya kutu. Igeuze kichwa kikiwa juu, gongagonga mwisho wa gripu juu ya leso nyeupe. Ukiona vumbi la rangi ya matofali, rudisha fimbo hiyo mahali ulipoitoa.

Kisha pitisha ukucha polepole kuanzia chini ya gripu hadi shingoni. Madoa ya kahawia yasiyokwaruza ukucha ni ya juu tu. Sufi laini ya chuma na mafuta ya cherehani yatayaondoa. Vishimo vinavyoukamata ukucha ni jambo jingine, hasa vikiwa ndani ya inchi tatu kutoka shingoni. Hivyo havina dawa.

Kichwa kinachocheza hupimwa hivi: bana kichwa kwa mkono mmoja, zungusha gripu kwa mwingine, macho yakiwa kwenye pete nyeusi ya plastiki iliyo juu ya shingo. Pete iliyopanda kidogo peke yake si kitu. Pete iliyopanda pamoja na mzunguko hata wa unywele, au mlio wa kukwaruza, maana yake gundi imekufa. Usiipige hata mara moja kujaribu. Kurekebisha ni rahisi kwa anayejua: kichwa kinapashwa moto, kinatolewa, pande zote mbili zinasuguliwa hadi chuma safi, inawekwa epoksi mpya na kuachwa siku nzima. Grafaiti inahitaji uangalifu zaidi kwa sababu moto ukizidi huua nyuzi zake, lakini haina kutu, na kwa anayeishi Nyali, Bamburi au popote upepo wa bahari unapofika, hiyo ni sababu tosha ya kuipenda. Ikague kwa kuipinda na kuizungusha taratibu ukisikiliza mlio, na kwa kutafuta mikwaruzo mirefu iliyosababishwa na mdomo wa mfuko.

Seti mbili zikiwa sawa kwa kila kitu, moja imekaa Nakuru au Nairobi na nyingine imekaa miaka pwani, mimi huchukua ya bara. Na ukishanunua, usizihifadhi kwenye buti la gari. Joto la mchana hudhoofisha gundi, unyevu wa usiku hulisha kutu. Zikaushe, zipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, uziweke ndani.

Fimbo inazunguka mkononi

Gripu ya mpira hukauka na kuwa ngumu kwa joto, na jasho likichanganyika na vumbi huifanya ing'ae. Mshiko ukiteleza unabana zaidi, ukibana mikono inakakamaa, na mpira unakwenda kulia. Watu hutafuta sababu kwenye mabega wakati sababu iko kwenye vidole.

Anza kwa maji ya moto, sabuni ya vyombo na brashi. Nyingi hufufuka. Zisizofufuka hubadilishwa, na bei ya gripu nane ni halali yako kuikata kwenye bei ya seti. Kazi unaweza kuifanya mwenyewe: kata ya zamani ukisukuma wembe kuelekea mbali nawe, ondoa utepe wote, weka utepe mpya wenye gundi pande mbili, mimina tapentaini, sukuma gripu kwa mara moja bila kusita, acha ikauke hadi kesho. Petroli inafanya kazi pia na ndiyo maana nakukataza: watu wameungua.

Unene nao una dalili yake. Shika kwa mkono wa kushoto peke yake. Vidole vikichoma kiganja, gripu ni nyembamba na mikono itageuka haraka, mpira uende kushoto. Pakibaki uwazi, ni nene na huelekea kulia. Kwa wanaotoka jasho sana, gripu zenye nyuzi hushika vizuri ingawa zinakwaruza.

Mpira haukai kwenye grini

Mara chache hili ni kosa la vyuma vya mtu wa handikapu kubwa. Mpira unaotoka chini hautakaa hata mifereji ya uso ikiwa mipya. Safisha mifereji kwa brashi kwanza, maana mingi imejaa udongo tu. Kagua kwa dhati weji peke yake: kama ukucha haukwami kabisa kwenye mifereji ya katikati, imechakaa. Kuhusu kanuni ya mifereji iliyobadilika mwaka 2010, vyuma vya kabla ya hapo vinakubalika kwenye michezo ya kawaida ya klabu isipokuwa kamati imeweka sharti, kwa hiyo usikubali kuogopeshwa nayo wala kushusha bei sana kwa ajili yake.

Bei imekuwa nzuri mno

"Bosi wangu, hii ni orijino, ilitoka na mzungu aliyehama." Inawezekana. Lakini feki nazo zipo, na nyingi huiga matoleo mapya yanayotafutwa, si ya miaka 15 iliyopita. Seti mpya kabisa, bado iko kwenye nailoni, kwa bei ya mtumba: hiyo ndiyo ya kushuku zaidi.

Omba picha za karibu kabla ya kuvuka Nyali Bridge au kupanda feri ya Likoni: uso wa chuma 7, soli, shingo, kibandiko cha shafti, na namba ya usajili. Kwenye Ping namba hiyo huwa shingoni na ni ileile kwa vyuma vyote vya seti. Zikitofautiana, seti imechanganywa. Kwa watengenezaji wengine mara nyingi iko kwenye shingo ya chuma kimoja tu, kwa hiyo kukosekana kwenye vingine si ushahidi. Mkononi, tazama maandishi: rangi iliyovuka mipaka ya herufi, pete zisizolingana, mifereji yenye kingo za kukwaruza. Beba sumaku ndogo. Vichwa vingi vya chuma halisi huivuta. Vile vya bei ya chini vya aloi ya zinki haviivuti, na hivyo huvunjika na havikunjiki.

Ukifika hatua ya bei, tenganisha kasoro za kupatana na kasoro za kuondoka. Gripu zilizokufa, mikwaruzo ya soli, rangi iliyotoka, madoa ya kutu ya juu, chuma 3 kilichopotea: hizo ni za kupatana, na zitumie bila aibu. Kutu ya ndani, vishimo karibu na shingo, shafti iliyopinda, grafaiti inayolia, kichwa cha zinki, shafti za gramu 130 kwa mtu wa kasi ndogo: hizo ni za kuondoka hata bei ikishuka nusu. Shafti iliyopinda utaijua kwa kuiviringisha ukingoni mwa meza ya kioo, kichwa kikining'inia nje, ikiyumba, imepinda. Na M-Pesa itume baada ya kuviringisha cha mwisho, si baada ya cha kwanza.